Siku Nilipopima Ugali wa Wakwe wa Mdogo Wangu

Hili jambo nimelificha kadiri nilivyoweza, lakini Bariadi ni mji mdogo na midomo ni mingi, kwa hiyo afadhali niliseme mwenyewe kuliko mlisikie sokoni likiwa limeshaongezewa chumvi. Mimi ndiye yule mtu aliyekwenda kumposea mdogo wake, akakaribishwa chakula, akatoa mizani mfukoni akaanza kupima ugali wa watu. Ndiyo, mizani. Ndiyo, mfukoni mwa koti la suti. Chekeni kwanza mmalize, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Naitwa Maduhu, mtumishi wa ofisi moja ya serikali hapa mjini, nipo masijala (yaani nakaa, naletewa faili, naliweka, nakaa tena), na kwa kukaa huko na kwa mapenzi yangu kwa ugali nilinenepa mpaka kiti cha ofisini kikawa kinalia nikiinuka. Kwetu Ngulyati walifurahi sana, wakasema kazi imemkubali. Kisha nikaanza kwenda chooni kila baada ya muda mfupi, kiu haiishi, nyayo zinawaka moto, mke wangu Mbuke akanikokota hospitali na daktari akasema ni kisukari. Akanipa vidonge na kuniambia nibadili namna ya kula. Nibadili vipi hakunieleza, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Ndipo nikampata kochi. Msishangae, siku hizi hata Bariadi wapo, na huyu wangu ni dada mmoja anaitwa Rehema, mtu wa Tanga, amesomea mambo ya lishe na amekuja huku kumfuata mumewe aliyehamishwa kikazi. Mimi nilidhani kochi wa lishe ni mtu wa kukupa karatasi ya vyakula vilivyopigwa marufuku, unaibandika ukutani, mnaagana. Kumbe! Siku ya kwanza alinikalisha karibu saa mbili ananihoji kama polisi mwenye huruma: jana uliamka saa ngapi, ulikula nini, kiasi gani, ulikuwa na njaa kweli au ulikula kwa sababu kipo, nani anapika nyumbani, vidonge unameza saa ngapi, ukikasirika unakula nini (nikajibu michembe, na ni kweli, bosi akinisema vibaya naweza kumaliza bakuli zima la vile viazi vikavu peke yangu). Akanipima uzito, akanizungushia utepe kiunoni, akaandika bila kuguna. Wala hakuniambia niache ugali. Alisema, "Kaka Maduhu, ugali si adui yako, ila mnaonana sana."

Tukapanga kazi. Ugali gramu mia mbili kwa mlo, nusu ya sahani iwe mboga za majani, pembeni samaki au maharage, maziwa mgando bila sukari, na kila sahani niipige picha kabla sijaigusa nimtumie kwa wasapu. Kila Jumatatu tunakutana, napanda kwenye mizani, halafu tunaongea nini kimeshindikana na kwa nini. Hagombi huyu dada. Afadhali angegomba, maana ukimwambia umeshindwa anauliza tu "Ilikuwaje?" kwa sauti ya upole, na unajikuta unaeleza hadi habari za marehemu baba yako. Ile mizani ndogo ya jikoni, ya betri, alinipa ya kuanzia tu mpaka jicho langu lizoee, akasema baada ya wiki tatu niiweke kabatini.

Sikuiweka. Nilikuwa nimeanza kupungua, suruali zinapwaya, nyayo zimetulia, na ule utamu wa kuambiwa "hongera kaka" kila Jumatatu ulinilevya kabisa, nikawa kama mtu aliyeokoka jana. Nilipima ugali wangu, nikapima wa mke wangu (akanitazama tu), nikapima mpaka kipande cha keki kwenye kuagwa kwa mwenzetu ofisini. Wiki ya saba ikafika sijaruka picha hata moja na nilikuwa najisikia kama nimepewa cheo.

Sasa Mabula. Mabula ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale mjini. Baba alifariki Mabula akiwa darasa la tatu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemvalisha sare, mimi ndiye niliyemtafutia fundi wa kumfundisha kazi, na alipompata Minza, binti wa Kalemela kule Busega, ni kwangu alikokuja kusema. Alikuwa anampenda yule binti vibaya sana. Alisema, "Kaka, sina baba wa kunisemea. Utanisemea wewe." Kwa hiyo nilijua kabisa nimebeba nini.

Na hapa ndipo penye ule uamuzi mdogo ulionimaliza. Kwetu huku hakuna mzee atakayetoa binti kabla hajaulizia ukoo: kwenu kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wendawazimu, na siku hizi wameongeza sukari na presha. Ugonjwa wangu ulikuwa unajulikana kwa mke wangu na kochi basi. Mabula mwenyewe nilikuwa nimemwambia napungua kwa mazoezi (mazoezi gani, mimi ninayepanda bodaboda kwenda dukani). Jumatatu kabla ya safari nilimweleza Rehema, akaniambia nile asubuhi kama kawaida kwa sababu kile kidonge hakitaki tumbo tupu, mizani niiache nyumbani, siku moja haiharibu kitu, na niwaambie wenyeji mapema kwamba nina sukari, wala si aibu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jumamosi nikameza kidonge, nikaacha uji. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukweni unatakiwa ule wakuone unakula, kwa hiyo nikifika na njaa nitawapa heshima yao. Mizani nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikijiambia nitapima haraka mtu asijue, maana wiki saba ni wiki saba. Na kuhusu kuwaambia wenyeji, nikaona hiyo ni habari ya watu wa Tanga.

Tukaondoka na Noah ya kuazima, mimi, Mabula, na baba mdogo Shija, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki na ambaye masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu zote anaongelea kwa spika. Tulifika Kalemela mapema tu. "Mwangaluka," "mwangaluka," habari za nyumbani, habari za mifugo, habari za mvua, tukakaribishwa sebuleni kwa mzee Luhende, baba yake Minza, mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, mtu mrefu asiye na haraka. Mama Minza akapita kutusalimia, akarudi jikoni. Minza hakuonekana, haikuwa ruhusa aonekane mpaka aitwe.

Mazungumzo yakaenda vizuri mno. Ng'ombe wa mahari wakasemwa, wakapunguzwa, wakaongezwa tena kidogo kwa utani, baba mdogo akachekesha watu, na Mabula kwenye kona yake nikamwona anapumua. Kisha mzee Luhende akanigeukia mimi, akaniuliza taratibu mbele ya wazee wake wawili, "Ng'wanawane, mwanangu, wewe ndiye baba yake huyu. Ukoo wenu una ugonjwa wowote ambao inafaa tuujue?"

Nikamtazama machoni nikasema, "Hakuna, mzee. Tuko salama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaamini.

Chakula kililetwa saa nane. Kufikia hapo nilikuwa naona vidole vyangu vinacheza vyenyewe, shati limelowa mgongoni, nikadhani ni joto. Wakaweka sinia la ugali ambao ukisimama nyuma yake huonekani, samaki sato wazima, nyama ya mbuzi waliyemchinja kwa ajili yetu, mlenda, maziwa kwenye kibuyu. Sote tulitakiwa tule kwenye sinia moja, ndivyo wakwe wanavyokula, lakini mimi nikasema nina mafua nisije nikawaambukiza, naomba sahani. (Huo uongo wa pili, hesabuni wenyewe.) Mama Minza akaniletea sahani ya maua, ya kabatini. Nikakata tonge kubwa la ugali nikaliweka pembeni ya sahani, nikasubiri.

Nilikuwa nasubiri sala. Mzee wa kanisa, wakwe wamekuja, mbuzi amechinjwa, nilijua sala itakuwa ndefu, na kweli alianza mbali, akashukuru kwa safari, kwa mvua, kwa viongozi, wote wamefumba macho na kuinamisha vichwa. Nikaitoa mizani polepole, nikaiweka juu ya stuli iliyokuwa karibu na goti langu, nikabonyeza.

"Piii!"

Jamani. Ile mizani inalia ukiiwasha. Nyumbani kwangu ilikuwa inalia kila siku mara tatu na nilishaacha kuisikia, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga. Sala ikakatika katikati ya neno. Nikafumbua macho (nilikuwa nimeyafumba nusu, kwa adabu) nikakuta macho ya sebule nzima yapo kwenye mkono wangu wa kulia, na mkono wangu wa kulia umeshikilia sahani ya maua juu ya mizani, na kioo cha mizani kinaonyesha namba.

Mtu mwenye akili angesema hapo hapo, samahani wazee wangu, nina sukari. Ilikuwa ni sentensi moja tu! Lakini nilikuwa nimeshasema hakuna.

Mzee Luhende akauliza, "Unapima nini?"

"Ni mambo ya kazi, mzee," nikasema. "Ofisini kwetu tunaangalia lishe ya wananchi."

"Ofisi gani inayopima ugali wa mwananchi Jumamosi?"

Mzee mmoja wa upande wao akacheka kidogo kisha akaacha. Mzee Luhende hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nalima pamba tangu ujana wangu. Kila msimu nikifika kwenye mizani naambiwa kilo zimepungua njiani, nanyamaza, narudi nyumbani. Leo mizani imenifuata mpaka kwenye chakula changu?"

Mama Minza alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Akauliza, si kwa ukali, kwa kuumia, "Kwani mgeni ameona ni kidogo? Nimesonga tangu asubuhi." Na hapo nikaelewa wanachokiona wao: kwamba tumemaliza kusema ng'ombe, sasa tunapima kama ugali unalingana na ng'ombe wetu. Baba mdogo, masikini, ambaye hakuelewa kitu, akasema kwa furaha, "Ni utaratibu wa mjini huo, mjini wanapima kila kitu!" Mabula akaninong'oneza, "Kaka, iweke chini. Kaka, tafadhali."

Sikuiweka chini. Sasa nitawaeleza kitu ambacho nilikuja kuelezwa baadaye: sukari ikishuka mno kichwa kinaacha kufanya kazi, unakuwa kama mlevi. Wakati huo mimi sikujua, nilichosikia ni mtu anamjibu mzee kwa jeuri, nikashangaa ni nani huyo asiye na adabu, kumbe mimi. Nilikuwa nasema, "Mzee usinipigie kelele! Mimi nina wiki saba! Wiki saba sijaruka!" Nikasimama, sijui nilikuwa nakwenda wapi, goti likagoma, nikalishika sinia ili nisianguke, na sinia si kitu cha kushika. Nilikwenda chini na ugali, na sato, na mchuzi wa mbuzi, na kile kibuyu.

Kilichofuata nimesimuliwa na baba mdogo, na huwa namwomba asirudie. Simu yangu ikalia sakafuni. Alikuwa Rehema, ambaye hakuiona picha ya asubuhi, wala ya mchana, na katika wiki saba haikuwahi kutokea. Baba mdogo akapokea, kwa spika kama kawaida yake, na sauti ya dada wa Tanga ikajaa nyumba nzima: "Kaka Maduhu, usiniambie umemeza kidonge hujala!"

"Siyo Maduhu, Maduhu ameanguka!"

"Ameanguka? Anaweza kumeza? Mpeni maji ya sukari sasa hivi, sukari imemshuka! Huyo ni mgonjwa wa kisukari, harakisheni!"

Aliyeharakisha ni Minza. Hakusubiri kuitwa, alitoka jikoni mbio na kikombe, akapiga magoti kwenye mchuzi na nguo yake nzuri aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, akaniinua kichwa, akaninywesha kidogo kidogo. Nilipoanza kuona vizuri, sura ya kwanza kuiona ilikuwa ya mchumba wa mdogo wangu ambaye sikutakiwa hata kukaa naye karibu, na sura ya pili ilikuwa ya Mabula aliyesimama ukutani akinitazama mimi, kisha simu, kisha mimi.

Waliniacha nipumzike, wakanibadilisha shati kwa shati la mzee mwenyewe. Kisha mzee Luhende akavuta kiti.

"Mama yake Minza ana sukari," akasema. "Mwaka wa sita huu. Ana chungu chake, ana unga wake wa dona, kila mtu hapa kijijini anajua. Ungesema ulipofika, mngekula chungu kimoja."

Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Siukatai ugonjwa, ninalala nao nyumba moja. Lakini nilikuuliza mbele ya wazee, ukaniangalia hivi hivi kama unavyoniangalia. Sasa na yale mengine uliyoniambia leo, kwamba kijana wako ni mpole, kwamba hanywi, kwamba atamtunza, nayo niyashike vipi?"

Hayo mengine yote yalikuwa kweli. Nililia nikisema ni kweli, nikaapa, lakini kiapo cha mtu aliyelala kwenye mchuzi hakina uzito. Tukaagwa kwa heshima, wakasema watatuma ujumbe, na njia nzima mpaka Bariadi baba mdogo ndiye aliyekuwa anaongea peke yake.

Ujumbe haukuja. Nikamweleza Rehema yote, akauliza "Ilikuwaje?" kwa ile sauti yake, na nilipomaliza alikuwa anafuta machozi. Wiki zikapita. Mabula anapiga simu kule, Minza anapokea, kisha anapokea mara chache, kisha baba amekataza. Nikaona niende mwenyewe, peke yangu, bila koti wala mizani, nikapige magoti.

Nilimkuta Mama Minza tu. Mzee alikuwa ametoka. Yule mama alinipokea kama mwanawe, akaniuliza nimekula, akaniuliza nimemeza dawa saa ngapi, akaingia jikoni akatoka na ugali wa dona kutoka kwenye chungu chake, kipande kimoja na mlenda mwingi, akasema, "Kula, ng'wanawane, huu ni kama wangu." Kwa jicho tu alikuwa amekata sawasawa na gramu zangu. Nikala. Nikamwambia nilichokuja kusema, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha macho akasema nimechelewa. Nilipotoka uani nikapita karibu na zizi, na humo ndani kulikuwa na ng'ombe wageni, kundi zuri, wanapiga kelele kwa sababu hawajazoea, wana alama za moto za nyumba nisiyoijua.

Nilimkuta Mabula anachomelea geti. Nikamwambia habari za ng'ombe, sikuzunguka. Akazima mashine, akabaki na miwani yake ya giza usoni, akauliza, "Minza ulimwona?" Nikasema hapana. Akawasha tena mashine.

Siku hizi nikifika nyumba ya mtu nasema kabla hata sijaketi: nina kisukari, nakula kidogo, msinifikirie vibaya. Nasema kanisani, nasema kwenye vikao, juzi nimemwambia mpaka konda wa basi ambaye hakuniuliza kitu. Nimeapa sitaficha tena maradhi yangu kwa mtu yeyote, na safari hii nakitunza kiapo. Mabula hana kinyongo, Jumapili anakuja, tunakula wote, anawabeba watoto wangu mgongoni. Ila wiki iliyopita, tukiwa tunanawa mikono, aliniambia kwa upole kabisa kwamba siku akimpata mwingine atakwenda na baba mdogo peke yake, mimi nibaki nyumbani nipumzike. Nikamwambia sawa.